Siku Tisa za Kitanda cha Nne

Wakaguzi wa kutoa nyota za ubora walipotangaza kuja kituo chetu cha afya, hapa chini ufukweni, mganga mfawidhi alituita wote. Akasema kusema tu kwamba tunafanya haitoshi. Pembeni ya kila jambo tuandike ushahidi uko wapi, rejista gani, ukurasa gani, mkaguzi akitaka akafungue mwenyewe. Mimi ni mhudumu. Naosha vifaa vya upasuaji, naviingiza kwenye mashine ya kuchemshia, natia sahihi kwenye fomu ya siku. Shule niliishia la nne, kwetu Mkumbi, kahawa ilikuwa inangoja kuchumwa. Lakini hilo la ukurasa nililielewa.

Fomu za mashine zilikuwa na mapengo. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akanikalisha na kalamu niyajaze. Nikajaza. Siku niliyofanya na siku niliyosahau, zote nikatia sahihi, mkono unaenda wenyewe kama napukuchua mahindi. Mpaka nikafika siku tisa ambazo sikuwa kazini. Nilikuwa mgonjwa mle mle ndani, kitanda cha nne.

Wenye kosa nawataja kwa kazi zao, wenyewe wanajijua. Mganga mfawidhi alijua mashine imekufa, akanipasua ngiri hivyo hivyo. Muuguzi huyu huyu alisuuza mikasi kwa maji ya ndoo na dawa kidogo. Kidonda changu kikaoza, lakini nikapona. Kitanda cha tano alikuwa mama mmoja kutoka Lipingo, kazaa kwa kupasuliwa siku ile ile. Yeye hakupona. Mtoto alichukuliwa na bibi yake.

"Dada, weka tu," muuguzi akasema. "Ni wino."

Nikamwambia hizo siku nilikuwa nimelala.

"Nani anajua ulilala lini? Tukose nyota kwa ajili ya tumbo lako?" Akacheka, akaenda kunywa chai.

Sikuwa na hasira. Sikuwa na kitu moyoni. Nikaenda wodini nikatafuta ukurasa, nikarudi nikaandika kwenye zile siku tisa: mashine mbovu, mwosha vifaa kalazwa, ona rejista ya wodi ya wanawake, kitanda cha nne na cha tano. Na namba ya ukurasa. Fomu nikairudisha kwenye faili. Hakuna wa kwetu aliyeisoma, waliangalia tu kama nafasi zimejaa.

Mkaguzi alisoma. Alikwenda wodini akafungua ukurasa, kisha akaniita, nami nimeshika mopu. Akauliza kitanda cha nne ni nani. Nikasema ni mimi. Mganga mfawidhi akatazama viatu vyake.

"Na huyu wa tano? Wameandika kafariki, sababu wameiacha wazi."

"Mikasi," nikasema.

Akaandika. Akafunga rejista, akatoka, wenzake wakamfuata. Nyota hatukupata. Muuguzi hanisalimii mpaka leo.

Siku ile nilirudi kwenye ndoo yangu. Sakafu upande wa kitanda cha tano ilikuwa haijakauka bado, nikaipitia tena.