Viduara Vitupu vya Abdishakur

Abdishakur wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley alikuwa na ugonjwa mbaya sana kwa mtu anayetaka kwenda chuo kikuu: alikuwa msema kweli. Aliambukizwa na mama yake, Ruqiya, aliyeuza maziwa ya ngamia pale kambini bila kuyatia maji, na ndiyo maana hakutajirika.

Mwaka wa tisini na sita ukaja ufadhili. Chuo kimoja cha Kanada kilikuwa tayari kumchukua kijana mmoja wa kambini, kimlishe na kimsomeshe mpaka mwisho, bora tu apate alama mia tano katika mtihani wa Kiingereza uliotungwa Marekani. Mtihani ule ule kwa dunia nzima, haki yenyewe hiyo. Mtoto wa tajiri aliyesoma chini ya feni na mtoto wa Dagahaley aliyesoma chini ya turubai wote wanapewa penseli ya aina moja. Mtu angetaka usawa gani zaidi?

Mwalimu Mutiso, Mkamba aliyepelekwa Garissa na serikali na ambaye kila mwaka aliomba uhamisho na kila mwaka akanyimwa, ndiye aliyewaandaa watahiniwa. Akawaeleza kuwa mtihani una sehemu tatu: kusikiliza, sarufi na kusoma. Kila swali lina majibu manne, nawe unachagua moja na kukipaka kiduara chake kiwe cheusi. Alama ya chini kabisa ni mia tatu na kumi, ambayo hata anayesinzia anapewa kama pole. Ya juu ni mia sita sabini na saba, na wasimuulize kwa nini haikufika mia saba, maana hata yeye hakuambiwa.

"Jibu la makosa halikupunguzii kitu," alisema. "Kwa hiyo msiache kiduara kitupu. Usipojua, bahatisha. Paka C, uendelee."

Abdishakur akainua mkono. "Mwalimu, kubahatisha si ndio bahati nasibu?"

"Ni kubahatisha tu."

"Bahati nasibu ni kamari, mwalimu, na kamari ni haramu. Halafu kama mimi sikusikia, nitasema vipi nimesikia?"

Mutiso akamjibu kwamba huo ni mtihani, si dini. Jibu hilo halikumsaidia yeyote.

Siku yenyewe walikusanywa katika ukumbi mmoja wa Garissa, kinasa sauti mezani na genereta nyuma ya dirisha. Kwenye kanda mwanamume alisema jambo, mwanamke akajibu jambo jingine kabisa, kisha sauti ya tatu ikauliza: mwanamke anamaanisha nini? Kujibu ni sekunde chache tu. Dagahaley kuna wazee waliozeeka na wake zao na bado wanalitafuta jibu la swali hilo. Na kila mwanamke wa kwenye kanda alipofikia neno lenye maana, genereta ilikohoa.

Shirwa, jirani yake wa kambini, alipaka C kila genereta ilipokohoa, ametulia tuli. Abdishakur alijibu alichosikia, na ambacho hakusikia akakiacha kitupu.

Shirwa akapata mia tano na tatu. Abdishakur akapata mia nne tisini na saba. Majirani, waliojua mtihani wa darasa la nane peke yake, ambao ulikuwa wa alama mia saba, walimiminika kwa Ruqiya kumpongeza, na mama wa watu akawakorogea chai yenye maziwa safi. Abdishakur alijifungia ndani, akalia. Shirwa akapanda ndege. Baadaye akaandika kwamba huko baridi ni kali, na kwamba bado hajui wanawake wanamaanisha nini.

Mwaka uliofuata ufadhili ukarudi. Safari hii Abdishakur alifunga siku tatu kabla ya mtihani, kafara ya dhambi ambayo alikuwa bado hajaitenda.

"Hooyo, unafunga nini mwezi huu?" mama yake akamuuliza, akimwita "mama" kama mama wa Kisomali wanavyowaita watoto wao.

"Nafunga deni," alisema, naye mama hakumchimba zaidi.

Genereta ilikuwa ile ile, na kikohozi kile kile. Abdishakur alipaka C mpaka ncha ya penseli ikawa butu. Matokeo yalipokuja, alikuwa na mia tano na kumi na tatu. Alifurahi, na ile furaha akaionea haya.

Kilichobaki ni Bi Zilpah, mama wa ofisi ya ufadhili kutoka Nairobi, aje amwone kwa macho. Wakaketi darasani, yeye, Mutiso na Abdishakur.

"Alama zimetosha," Bi Zilpah alisema. "Ila watu wa Kanada wanasisitiza jambo moja: lazima awe mwaminifu. Mwalimu, unamjua?"

"Namjua sana," Mutiso akasema. "Mwaka jana kuna maswali hakuyasikia. Aliyaacha vivyo hivyo kwa sababu hakutaka kusema amesikia, na nafasi ikampita. Sijafundisha mwingine kama huyu."

Bi Zilpah aliguswa. Akaweka kalamu chini, akamtazama Abdishakur kwa upole.

"Na mwaka huu?"

Abdishakur alikuwa anatazama ndara zake. Mutiso akakohoa kidogo.

"Mwaka huu amefaulu," akasema.