Mwiko wa Mkono wa Kushoto

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Mwisenge, Musoma, nampimia mteja kitenge. Hata salamu hakutoa.

"Dada, wananiuliza mkono gani."

"Akina nani?"

"Wauza visu vya kuchongea. Kwenye mtandao. Kabla ya kulipia kuna mahali pa kuchagua, cha kulia au cha kushoto. Dada, mimi watu wananikatazaga tu, hawaniulizagi."

Nilimwambia nina mteja, nikakata simu. Alikuwa mwalimu wa jiografia kule Bunda, na walimu wakianza kueleza jambo wanasahau kwamba wengine tunaishi kwa kuuza. Lakini mteja alipoondoka nilikaa juu ya robota la vitenge nikajikuta nafuta machozi, maana nilijua alichokuwa anasema.

Alizaliwa na mashoto. Kwetu Butiama, wakati huo, mtoto kula kwa kushoto au kumpa mtu mzima kitu kwa kushoto ilikuwa aibu ya mama yake. Mama alichana upindo wa khanga kuukuu, na kila tulipokaa kula alimfunga mkono ule ubavuni. "Mkono huo ni mwiko," alimwambia, na mimi nilicheka, kwa sababu mwiko mwingine alikuwa ameushika mwenyewe, umejaa ugali. Nilipigwa kofi. Mama hakuwa mkatili. Aliogopa maneno ya watu, na pale kijijini maneno ya watu yalikuwa mengi kuliko watu wenyewe. Shuleni walimalizia kazi kwa fimbo. Mdogo wangu akajifunza kuandika kwa kulia, mwandiko wa kuku mpaka ukubwani, na mkono wa kushoto akawa anautumia akiwa peke yake.

Mambo ya mbao yalimwanza baada ya kufiwa na mke wake. Jioni katika nyumba ya mwalimu zilikuwa ndefu, akawa anatazama video kwenye simu. Kulikuwa na mzee mmoja wa nchi ya baridi, anachonga vijiko kimya kimya bila kusema neno. Mdogo wangu alimpenda kwa sababu hiyo hiyo ya kutosema. Kutoka kwake alijifunza kunoa kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha kioo, na kukiacha kijiko kibichi kikauke taratibu ndani ya maranda yake mwenyewe kisije kikapasuka. Miti iliyotajwa kwenye kurasa za wachongaji alizosoma mtandaoni hatuna, basi akawa anatafuta ndugu zake huku kwetu, mpera na mchungwa. Alijiunga na kundi la simu la watu wanaochonga kwa kujifurahisha, wa Arusha, wa Mbeya, wa kila mahali, wanaoonyeshana kazi zao na kuelekezana wapi pa kupata patasi nzuri. Alimpata muuzaji wa Mwanza anayetuma vifaa vya mtumba kwa basi. Kila alichokipata alinitumia na mimi, mimi nisiyeweza kupigilia msumari, na video zake zikawa zinakula kifurushi changu chote. Nilimgombeza, akaendelea kutuma.

Tatizo lake lilikuwa moja. Wote aliowatazama walitumia kulia. Siku nilipomtembelea Bunda nilikuta simu imesimamishwa mezani mbele ya kioo cha kunyolea, naye ameipa simu kisogo, anatazama kwenye kioo. Mle ndani mkono wa kulia wa yule mzee ulikuwa umegeuka kushoto.

"Wewe mwalimu umechanganyikiwa," nikamwambia.

"Njoo uone, dada. Humu ananifundisha mimi."

Mwiko wake wa kwanza ulikuwa wa mpera, bapa, wa kusongea ugali. Tulimpelekea mama Jumapili moja. Mama ni mzee sasa, lakini macho yake hayajamwacha. Aliugeuza geuza, akapapasa ukingo kwa kidole, kisha akauliza, "Umechonga kwa mkono gani?"

"Ninaotumiaga, mama."

Hakumgombeza. Aliinuka, akauchomeka juu, kati ya mbao za paa na bati, akarudi jikoni kusonga ugali kwa mwiko wake wa zamani, ule uliolika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. Tulikula. Mdogo wangu alikula kwa kulia. Tulipokuwa tunasubiri usafiri wa kurudi aliniambia atachonga mwingine, mzuri zaidi, na mwingine tena, mpaka siku mama atakaposhika kitu kilichotoka kwenye mkono ule na kukipikia. Nilimwambia amwache bibi wa watu apumzike. Akaniambia yeye ndiye hajawahi kupumzika.

Safari hii alitaka kuchonga upawa, wenye tumbo la kuchotea mchuzi. Tumbo la upawa huchimbwa kwa kisu kilichopinda ncha, chenye makali upande mmoja tu, na visu vyote alivyopata kwa wauzaji wa hapa vilipinda kwa ajili ya mkono wa kulia. Ndipo akakutana na ule ukurasa uliomuuliza swali. Akachagua kushoto, akalipa, akaanza kusubiri mzigo kama watu wanavyosubiri mgeni kutoka Ulaya. Gogo la mchungwa alilifunika kwa gunia bichi lisikauke.

Kiharusi kilimkuta shuleni asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini. Mguu na mkono, upande wa kushoto.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Mungu kwa sauti, pale hospitali, mbele za watu, mpaka mchungaji akaniomba nipunguze ulimi. Sikuupunguza. Nilitaka nielezwe kwa nini upande ule, wakati ule mwingine ulikuwepo na hakuna aliyeuhitaji. Mpaka leo sijaelezwa.

Mama alikataa nimchukue kwangu Musoma. Alisema wa kumlisha ni yeye, basi tukampeleka Butiama. Simu yake nilibaki nayo mimi, na ujumbe wa posta kwamba mzigo umefika niliusoma mimi. Nilikichukua kile kiboksi nikampelekea. Alikifungua kwa kulia, polepole, akakigeuza kisu kwenye mwanga wa mlangoni. Kilikuwa kizuri kweli. Akajaribu kukishika kama inavyotakiwa, na makali yakatazama nje, mbali na pale ambapo mti ungekuwa.

"Hiki si cha mkono huu," alisema. Mdomo ulikuwa bado umeenda upande. "Nimebaki na wa kulia tu, dada."

Alisema hivyo kisha akalia, na mimi nikalia naye. Kisu nilikirudisha kwenye boksi.

Baadaye tulimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mmoja mpole. Alimpapasa vidole, akasema vinacheza kidogo, tusikate tamaa. Akamgeukia mama akamwelekeza kazi ya nyumbani. Mkono mzima ufungwe, kila siku kwa muda, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi.

"Niufunge upi?" mama akauliza.

"Wa kulia, bibi."

Mama akaomba aambiwe tena. Akaambiwa tena.

Tulipofika nyumbani alimkalisha mdogo wangu kwenye kiti karibu na mlango, akaingia chumbani, nikasikia khanga inachanika. Alimfunga mkono wa kulia ubavuni. Hakukaza kama zamani. Halafu akachukua fimbo, akachokoa juu kwenye bati mpaka mwiko wa mpera ukaanguka na vumbi lake. Aliufuta kwa khanga aliyovaa, akaulaza kwenye kiganja cha kushoto cha mwanawe, akavikunja vidole kimoja kimoja juu ya mpini.

"Shika, baba," alisema. "Shika na huu huu."

Mdogo wangu alimtazama mama, akautazama mkono. Niliona kidole gumba kikijaribu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mwiko ukaponyoka, ukaanguka sakafuni.

Niliinuka nimwokotee.

"Kaa," mama akaniambia, na akainama mwenyewe.

Aliufuta, akamrudishia mkononi. "Na huu, baba. Mama yako nakwambia na huu."

Ukaanguka tena. Mama akainama tena.