Kabureta Tatu za Kupanda Kitonga

Mume wangu Sosthenes ni fundi magari hapa Mafinga. Ukitaka kumfahamu, usimwulize habari za mke wala watoto. Mwulize habari za Bedford, lori la petroli aliloachiwa na marehemu baba yake.

Ujanani alikuwa utingo wa lori hilohilo. Kila walipopanda mlima Kitonga na mzigo lilichoka, naye akatembea nyuma yake na gogo mkononi, tayari kuliweka tairini likianza kurudi nyuma. Abiria wa mabasi walimcheka. Kicheko kile hakijamtoka mpaka leo.

Mwaka huu akaamua kuipa injini kabureta tatu badala ya moja. Akachomelewa menifodi, yaani bomba la kugawa hewa na petroli kwenye injini, lenye nafasi za kabureta zote tatu. Halikukaa. Upande huu likibana, upande ule linavuta hewa. Akalipiga tupa, akalifunga, akalifungua, akalitukana. Alipokata boksi langu la vyombo kutengeneza gasketi, nilinyamaza. Alipochomoa mpira wa jiko langu la gesi, sikunyamaza.

Ule mpira aliuweka sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kila kabureta, asikilize kama zinavuta sawa.

"Njoo usikie, Mama Pendo. Zinapumua pamoja!"

"Mimi nasikia njaa, Baba Pendo. Rudisha mpira wangu nipike."

Sasa, mimi nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, chini kabisa ya Kitonga. Msimu huu vilikubali kwelikweli. Bi Sakerbanu, mnunuzi wangu wa Iringa, alisema gari lake linaondoka jioni. Nikichelewa atapakia vya mwingine, na vyangu vitaniozea. Nikataka kukodi lori la Fuso. Sosthenes akanuna kana kwamba nimemtukana baba yake kaburini.

"Gogo umechukua?" nikamuuliza tukiondoka na Bedford lake.

"La nini? Limebaki nyumbani."

Kushuka tulishuka vizuri. Tukapakia Mbuyuni kwenye joto lile, tukaanza kupanda. Kona ya kwanza lori likakohoa. Ya pili likapiga mlio na kuzimika.

"Jiwe! Yusta, jiwe!" alipiga kelele, mguu kwenye breki.

Niliruka nikasukumia jiwe tairini. Nyuma yetu malori yakapiga honi. Nililia, sikufichi, nililia kwa hasira. Jasho langu la msimu mzima lilikuwa juu ya lile li-Bedford lake.

Alifunua boneti, akashika kichwa. "Nimezirekebisha kwa hewa ya Mafinga. Kule hewa nyepesi. Huku nzito, zinataka petroli zaidi."

Yaani mtu huyu tangu ujana anavua koti akishuka Kitonga na kulivaa akipanda, halafu anasahau kwamba hewa si moja! Alilegeza skrubu za petroli moja baada ya nyingine, mpira wangu sikioni katikati ya zile honi. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, hata mimi nikasikia.

"Toa jiwe, unifuate nalo mpaka lori likolee mwendo!"

Likakolea. Likapanda, likakata kona, likapotea. Sikushangaa, maana na mzigo ule huwezi kusimama mlimani. Nikajua ananingoja juu. Nikapanda kwa miguu, jiwe mkononi, na sasa abiria wa mabasi walinicheka mimi.

Juu hapakuwa na lori.

Nilikaa kando ya barabara, miguu inawaka, mpaka simu ilipoita.

"Mama Pendo, vimepokelewa vyote! Bi Sakerbanu ndio anapakia. Hatukusimama popote, mke wangu! Umeona mambo?"

Halafu nikasikia mlango wa lori ukifunguliwa, ule wa upande wangu.

"Yusta," akasema polepole, "uko wapi?"