Nilipolala Chini ya Turubai

Siku ya kwanza nilipokutana na yule mama muuza makaa wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, aliniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia mimi ni mwigizaji na mwandishi wa michezo, lakini sibuni kitu: nakwenda kwa watu, nawasikiliza, nachukua maneno yao kama walivyoyasema, nayapeleka jukwaani. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Sasa weye mwenyewe auna maneno?"

Nilikasirika, sitaficha. Nimeifanya kazi hii tangu ujana wangu, katika kumbi za viti laini na katika viwanja vya vumbi jekundu, na hakuna msomi wa michezo aliyewahi kunirushia swali kama hilo. Lakini hasira zangu ni moto wa mabua. Nikacheka, nikaketi juu ya gunia tupu, naye akaanza kusema.

Mume wake alikuwa mchimbaji wa Kambove, mmoja wa wale wanaoshuka shimoni kwa kamba na tochi ya kichwani, bila kampuni wala bima. Shimo likaporomoka. Wenzake walifukua mpaka wakachoka, mwili haukupatikana. Ndipo kaka mkubwa wa mume akasema kwamba bila maiti hakuna kilio, kwani kilio ndivyo tunavyouita msiba huku kwetu. Labda mdogo wake hakushuka shimoni siku ile, alisema. Labda alivuka mpaka kwenda Zambia, na huko ana mwanamke mwingine. Ukoo ukamsikiliza yeye. Basi hakuna aliyekaa kilio, na mama huyu akabaki katikati, si mke wala si mjane, majirani wakisema chinichini kwamba mume alimkimbia.

"Miye najua alikufa," aliniambia. "Lakini kama bandugu yake abasemi, miye njo nani?"

Tukatengeneza mchezo kwa maneno yake. Nina sheria moja: siku ya kwanza mwenye maneno anaketi mbele kabisa, na akiinua mkono tu tunasimamisha mchezo, hata kama ukumbi umejaa na askofu yumo. Wenzangu wananiita mkaidi kwa ajili hiyo. Na waniite.

Juu ya mwisho wa mchezo tuligombana sana. Mwigizaji aliyechukua nafasi ya mama alitaka tuweke kilio pale, na nyimbo zake, na wanawake chini kwenye mikeka. Nilikataa katakata. Kilio hakikuwepo, kwa hiyo hatukiweki. Mimi niliyeigiza mume ningelala jukwaani, nifunikwe turubai la wachimbaji, watu wakae kimya wakilitazama. Niliona nimefikiri jambo zito. Kimya, mbele ya watu wa Lubumbashi!

Tulicheza Jumapili mchana, katika ukumbi wa parokia pale pale Katuba. Wachimbaji wenzake na marehemu walikuja na lori kutoka Kambove. Mama aliketi mbele na kitenge chake cha bluu. Na nyuma, karibu na mlango, alisimama mwanamume mrefu amefunga mikono kifuani. Nikanong'onezwa kwamba ndiye kaka mkubwa. Mama alikuwa amemwita mwenyewe bila kuniambia. Akipandwa na hasira, nikawaza, atamwaibisha huyu mwanamke mbele ya mtaa mzima, na maneno yake hayatasadikiwa na mtu tena.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka nikalala na turubai likashuka. Chini yake kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya taa. Watu walinyamaza kweli, kwa muda. Kisha nikasikia miguu inapanda jukwaani, na mtu akanikalia tumboni.

"Amuka, mwivi ya bukari! Kukula unajua, kama ni kazi unalala!"

Alikuwa mmoja wa wale wachimbaji, ananiita mwizi wa ugali, na nikaelewa papo hapo. Kwetu kila ukoo una watani wake, tunawaita banungwe, na kwenye msiba mtani ana kazi yake: anamtukana marehemu, anaiga mwendo wake, anaizuia maiti isitoke mpaka ndugu wamwahidi kitu, mara nyingi kuku. Lakini mtani hawezi kumfanyia hivyo mtu aliye hai huko Zambia. Kumkalia vile ni kutangaza kwamba amekufa.

"Huyu," mtani akawaambia watu, "ku shimo aogopi. Lakini panya moja tu, anapanda juu ya meza, analia mama!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Katikati ya vicheko vyote nikasikia kimoja cha mwanamke, kutoka mbele, ambacho sikukijua. Miezi yote niliyokaa na yule mama sikuwahi kumsikia akicheka. Bila shaka hadithi ya panya ilikuwa ya kweli. Mimi nilibaki maiti, ingawa mtani yule alikuwa mzito jamani.

"Maiti aipiti!" akapiga kelele. "Ndugu yake iko wapi? Kuku yangu iko wapi?"

Kicheko kikafa. Nikainua ukingo wa turubai nichungulie, maiti mwenye udaku. Watu wote walikuwa wamegeukia mlangoni. Kaka mkubwa alikuwa bado amefunga mikono. Angeweza kutoka, angeweza kusema huu ni mchezo tu, acheni upuuzi. Nilimwomba Mungu kwa haraka, bila adabu, kama mtu anayegonga mlango mvua ikimnyeshea.

Akavua kofia. Akaja polepole katikati ya viti mpaka jukwaani, akasimama juu yetu wawili.

"Kuku utapata kesho," akasema. "Achia mudogo yangu apite."

Mtani akainuka tumboni mwangu. Wanawake wakashuka chini kwenye sakafu wakaanza kulia, kilio chenyewe, na yule mwigizaji niliyegombana naye akaketi kati yao. Hakunitazama kwa ushindi, bahati yake. Nikapumua. Nimepigiwa makofi mengi maishani, lakini hayakuwahi kunipa nafuu kama ile. Nililia chini ya turubai bila aibu yoyote.

Baadaye, viti vikikunjwa, nilimwendea mama. Shemeji yake alikuwa ameketi kando yake sakafuni. Mtu alikuwa amemwazima mama kitambaa cheusi, naye amekifunga kichwani. Tulikuwa na maonyesho mengine mbele yetu, Kipushi, Likasi, na pale Katuba tena Jumapili inayofuata. Nikamuuliza tufanyeje, nami nilikuwa tayari kwa jibu lolote.

"Ku Kipushi mucheze," akasema. "Ku Likasi mucheze. Hapa hapana tena. Hapa tulishamuzika."