Usukani Mwepesi wa Mzee Athumani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, maana kwa umri wako nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nikiamini kwamba hakuna gari mjini Shinyanga linaloweza kunifundisha jambo jipya. Nilikuwa dereva wa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa ngozi, mtu mpole ambaye ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: magari ya spoti. Alikuwa nayo mawili, yote ya zamani, ya milango miwili, yamekaa chini kiasi kwamba watu walicheka wakituona tunavyojivuta kutoka ndani.

La kwanza, jekundu, usukani wake ulikuwa wa nguvu za mikono tu. Ukitaka kuugeuza gari likiwa limesimama, jasho linakutoka. Likishaanza kwenda unalainika, na kila jiwe la barabarani unalisikia viganjani. La pili, la kijivu, lilikuwa na pawa steringi: pampu inazungushwa na injini, inasukuma mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayokusaidia kukata kona. Usukani huo niliugeuza kwa kidole kimoja. Barabara ilikuwa haikuambii kitu, nami kwa ujana wangu nikaona hayo ndiyo maendeleo.

Miaka ile petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Sisi madereva tulikuwa na mtindo wetu. Ukifika mteremkoni unazima injini, unaacha ufunguo pale pale, gari linashuka lenyewe, kisha unaliwasha tena huko chini. Kwa lile jekundu nilifanya hivyo mara nyingi na usukani haukubadilika hata kidogo.

Basi mke wangu, Kabula, alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yetu ya kwanza, na kwa desturi ya kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Kwao ni mbele ya Mhunze. Mzee Athumani aliposikia kwamba nataka kumpandisha basi, alikataa katakata. Akanipa ufunguo wa la kijivu.

"Hili halitamtikisa sana," alisema. "Lakini kaa kwanza nikueleze. Usukani wa hili si kama wa lile jingine. Ukiwa njiani..."

"Nimeshaelewa, mzee wangu," nikamkatiza.

Nilikuwa na haraka ya kuonekana ukweni nikishuka kwenye gari la spoti, nisikufiche. Yeye akamwekea Kabula mto mgongoni, akatuombea safari njema.

Tulipita njia panda ya Mwadui tukicheka. Kabula alinitania kwamba naendesha kana kwamba gari lile nimelizaa mimi. Mbele zaidi barabara ilishuka kuelekea daraja dogo, na kabla ya daraja kulikuwa na kona. Nikazima injini kama nilivyozoea. Tulipofika konani nikageuza kwa kidole, usukani haukwenda. Nikaushika kwa mikono yote miwili, ukasogea kidogo tu, mzito kuliko hata ule wa jekundu.

"Mayu wane!" Kabula alilia, akimwita mama yake. Kisha, na tumbo lake lile, akaushika usukani pamoja nami, tukavuta wote wawili. Gari likapita pembeni ya kingo za daraja, likaingia kwenye shamba la pamba iliyokwisha kuvunwa, likaruka matuta, likasimama.

Hakuwa na jeraha lolote la kuonekana. Lakini alikaa chini juu ya tuta, mkono tumboni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mtoto hachezi."

Mwanangu, sijawahi kuogopa namna ile. Mkulima mmoja alitupakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe mpaka kwa mama mkwe. Njia nzima nilimwuliza, "Amecheza?" naye akatikisa kichwa, mpaka nikaogopa kuuliza. Mama mkwe akampa uji wa moto, akamlaza ubavu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Kabula aliponiita, akauchukua mkono wangu akauweka tumboni. Teke. Likaja jingine. Nililia kama mtoto mdogo, na mama mkwe, ambaye kwa heshima hakutakiwa hata kukaa chumba kimoja nami, akageuza uso ukutani akatuacha.

Kesho yake wanakijiji walinisaidia kulisukuma gari kutoka shambani, nikalirudisha, bampa limepinda. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabula hajambo?"

Nikamweleza yote. Alipumua kwa nguvu akasema, "Alhamdulillahi." Ndipo akalitazama gari. Akaniketisha nyuma ya usukani, injini imezimwa, akaniambia nigeuze. Nikahangaika. Akaniambia niwashe, nigeuze tena. Kidole kimoja kikatosha.

"Wepesi ule ulidhani ni wako?" aliuliza.

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Kisha akaniambia kwamba alilinunua gari lile kwa sababu bega lake la kulia liliishiwa nguvu tangu alipougua, jambo ambalo hakutaka mtu alijue. Asubuhi ile alikuwa amejikaza anieleze kila kitu, pamoja na hilo la bega, nami nikamkatiza. Nilishindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Mtu mzima akikaa kukueleza jambo, mwache amalize, hata kama unadhani unalijua. Na mambo yako yakienda kwa wepesi, usikimbilie kujisifu. Tafuta kwanza ni nani anayesukuma mahali usipomwona, na ukimjua, usimzime kwa kujiona unaweza peke yako.

Kabula tulimzika mwaka juzi. Miaka yote ile watoto walisoma, wageni walilala vizuri, ndugu zangu walipatana, nami nilijiona bingwa wa kuongoza nyumba. Sasa nyumba ni ile ile, mambo ni yale yale, na hayageuki hata nikivuta kwa mikono miwili.

Nenda salama. Mungu akuachie walio wako kwa muda mrefu, na akujalie kuwashukuru wangali wanakusikia.