Kioo cha Phiona

Afande Apollo alikuwa askari magereza maisha yake yote ya kazi, na mtu akizoeana na funguo kiasi hicho, hata akiwa upande wa wanaofunga, hawezi tena kulala bila kutingisha kufuli. Alipostaafu alijenga vyumba viwili Mafubira, karibu na mji wa Jinja. Binti yake wa pekee, Phiona, alikuwa mwalimu Mbale. Homa ilimchukua haraka, baba hakuwahi kumkuta hai. Alichokikuta katika chumba chake cha kupanga, kule kule Mbale, mtaa wa Namakwekwe, ni kitanda, masufuria na kompyuta ya mezani.

Cissy, jirani wa marehemu, ndiye aliyemwonyesha pa kubonyeza. Phiona akatokea kwenye kioo, amekaa juu ya kitanda kile kile, anampongeza baba yake kwa kustaafu. Alijirekodi video, hakuwahi kuituma.

"Baba, asante. Umefanya kazi sana. Sasa mimi nataka kukwambia kitu moja..."

Hapo picha inaganda, mdomo wazi. Inaganda hapo hapo kila mara. Mzee aliihamishia mashine kwake Mafubira, na jioni baada ya jioni alimtazama, akamsubiri amalizie, akazima. Hakubakiwa na hamu nyingine duniani ila kulisikia neno hilo.

Watu wakamwambia mashine imezeeka, aipeleke kwa Norman, fundi wa mjini Jinja. Akabeba lile sanduku la kompyuta tu. Kioo alikiacha nyumbani, kimeviringishwa blanketi, na mlango akaupiga kufuli mbili. Masikini mzee! Miezi yote hiyo alimwona mwanawe ndani ya kioo. Angemdhania yuko wapi kwingine? Sanduku kwake lilikuwa kama jenereta, la kutoa nguvu tu.

Norman alikuwa fundi mwaminifu, na hapo ndipo habari hii inapouma. Alifungua sanduku, akapuliza vumbi, akaisikiliza diski ikigonga-gonga.

"Afande, hii diski imekwisha. Naweka mpya, naongeza memori, naweka Windows mpya. Itakimbia. Lakini ndani iko vitu ya kuhamisha?"

"Hapana. Vitu ya maana nimeacha nyumbani. Nimefunga na kufuli."

"Uko na hakika, Afande?"

"Mimi ni askari, bwana."

Norman akaridhika, wateja waangalifu huweka nakala nyumbani. Akafanya kazi mchana kutwa. Mwishowe akaiweka diski ya zamani juu ya jiwe la mlangoni, akampa mzee nyundo. Ndivyo alivyomfanyia kila mteja, tangu alipoona picha za watu zikichotwa kwenye diski kuukuu na kusambazwa mjini.

"Vunja mwenyewe, Afande. Mtu asikuibie siri."

Apollo aliupenda utaratibu huo. Akapiga kwa nguvu zake zote, mpaka vipande vikawa vinacheza ndani ya bati lake. Hata akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nyumbani akafungua kufuli, akafunua blanketi, akachomeka waya kama alivyoelekezwa. Mashine ikawaka papo hapo. Kioo kikawa cha bluu, kisafi. Akavuta kiti karibu, akabonyeza pale alipoonyeshwa na Cissy. Hapakuwa na kitu. Akampigia fundi simu.

"Norman, mtoto hatoki."

"Mtoto gani, Afande?"

"Phiona, mtoto yangu. Alikuwa ndani ya kioo. Nilimfungia hapa, hakuna mtu amemgusa."

 Norman akamweleza polepole kwamba kioo hakitunzi kitu, kinaonyesha tu. Kila kitu hukaa ndani ya diski.

"Diski ni nini?" mzee akauliza.

"Ile ya nyundo, Afande."

Apollo aliiweka simu mezani. Mkono wa kulia bado ulikuwa unamuuma kwa yale mapigo. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, kama alivyozoea kumkamata mfungwa, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio kugonga mlango. Hawakuweza kuingia, maana alikuwa ameufunga kwa ndani.