Taa Nyeupe Kwenye Mvua

Marubani hawakumjua sura, walimjua sauti. Wenzake wa mnarani walimwita Bi Taratibu, maana hata ndege zikibanana vipi, alizipanga bila kupandisha sauti: wewe mpishe huyo mkubwa, wewe mfuate, wewe ngoja kwanza. Kazi yake ilikuwa kuzitoa ndege kwenye maegesho na kuzifikisha kwenye njia ya kurukia. Hapo alizikabidhi kwa mwenzake aliyekaa kiti cha pili, ndiye mwenye kutoa ruhusa ya kuruka.

Asubuhi hiyo mvua ilishuka ghafla, vioo vya mnara vikawa vyeupe. Rada ya kuonyesha ndege zilizo chini ilikuwa mbovu, mafundi wanaahidi kesho, kesho. Foleni ilikuwa ndefu na kila rubani alitaka zamu yake. Wakisema wawili kwa pamoja, alichosikia yeye ni mlio tu.

"Mnara, nadhani nimepotea," alisema rubani wa ndege ndogo. "Nilikuwa nafuata taa za buluu. Sasa naona nyeupe tupu."

Taa nyeupe ziko kwenye njia ya kurukia.

"Toka hapo. Kata kushoto, toka sasa hivi."

Mlio. Kuna rubani aliyeingilia kuulizia zamu yake. Akarudia. Mlio tena.

Akavua hedfoni, akamgeukia mwenzake. "Kaka, yule mkubwa umeshamruhusu?"

"Ameshaanza kukimbia."

"Msimamishe. Kuna mtu mbele yake."

Mwenzake alitazama kiooni, akaona mvua tupu.

"Kaka, nakuomba. Msimamishe."

Mwenzake akabonyeza kitufe cha redio, akasema simama, simama. Hawakuona kitu. Walisikia injini zikinguruma ndani ya mvua, kisha breki, kisha kimya. Bi Taratibu alikuwa ameshika ukingo wa meza, anasubiri kishindo.

"Tumesimama," rubani wa ndege kubwa alisema. "Naona mkia wake."

Hakufa mtu. Lakini mkuu wa mnara alimwita ofisini. "Kwa nini uliiruhusu ile ndogo itembee kwenye hali ile?"

"Nikizizuia, mnasema nachelewesha watu."

"Ungekataa, mama."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Usingizi ukampotea. Mumewe alimbembeleza, "Si wote walifika kwao?" Yeye akageukia ukutani.

Walipomrudisha kazini baada ya kumpumzisha siku kadhaa, jua lilikuwa kali na uwanja ulionekana wote. Rubani wa kwanza akaomba kutoka kwenye maegesho. Bi Taratibu alibonyeza kitufe, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Rubani aliuliza tena, kwa upole. Alivua hedfoni, akamwachia mwenzake kiti, akashuka ngazi akijishikilia ukutani.

Mumewe alipokuja kumchukua, alimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara, nje ya geti.

"Nimeshindwa, baba watoto."

Mumewe alimpokea mkoba, akakaa chini karibu naye.